Bandia: jina la mtoto wa matambara lililofikishwa mahakamani

*Neno moja linamtaja mdoli wa mtoto, mguu wa mgonjwa, kope za bibi harusi na dawa inayoua. Hospitali, sheria na sasa kompyuta zinaligombania.*

Mezani amelala mtoto asiyelia. Mkunga anamkausha kwa kitambaa, anamsugua mgongo, anasikiliza. Kimya. Anakiweka kichwa sawa, anafunika pua na mdomo kwa barakoa ndogo, anabinya mfuko wa hewa. Kifua kinapanda. Anabinya tena. Mwalimu aliyesimama kando anaangalia saa, maana kinachofundishwa hapo ni dakika ya dhahabu: mtoto mchanga asiyepumua anatakiwa awe ameanza kusaidiwa kabla dakika yake ya kwanza duniani haijaisha.

Mtoto huyo wa mezani amejazwa maji ya uvuguvugu ili anayemshika ahisi uzito na joto la mtoto aliyetoka tumboni. Mwalimu akibonyeza kipira pembeni, kitovu kinapiga kama mshipa wa kweli. Asipobonyeza, hakuna kinachopiga, na mkunga anajua hali imekuwa mbaya. Ukitaka kumtaja kwa Kiswahili cha kawaida, huyo ni mtoto wa bandia.

Sasa toka katika chumba hicho, nenda mpaka dirisha la dawa. Onyo ambalo mamlaka za afya zimekuwa zikilirudia miaka nenda rudi linasema tujihadhari na dawa bandia. Neno ni lilelile. Chumbani linamtaja anayewafundisha wakunga kuokoa maisha, dirishani linataja kinachoyakatisha.

Huo ndio mzigo ambao neno bandia limebebeshwa. Wapo wanaoona hapana tatizo, kwa kuwa msikilizaji ana akili zake na atajua kinachosemwa. Mwandishi wa makala haya haoni hivyo, kwa sababu neno hili limeshawahi kugusa uhai wa watu mbele ya jaji.

Gunzi, kitambaa na jina

Kamusi kongwe za Kiswahili cha Unguja, ya A. C. Madan ya mwaka 1903 na ya Frederick Johnson ya 1939 iliyojengwa juu yake, zinalieleza bandia kwanza kabisa kama mtoto wa kuchezea. Namna ya kawaida ya kulitumia ilikuwa mtoto wa bandia. Ni jina la kitu, tena kitu cha nyumbani, kilichotengenezwa na mtoto mwenyewe au na dada yake kwa vipande vya kanga iliyochakaa.

Waliokulia vijijini hawahitaji kamusi. Gunzi la mahindi mabichi ambalo nywele zake bado zinang'aa lilisukwa mistari mitatu, likafungwa kitambaa, likabebwa mgongoni. Penye migomba, ganda kavu lilikunjwa likawa kichwa na kiwiliwili. Penye udongo wa mfinyanzi, mtoto alifinyangwa akaanikwa juani. Kisha akapewa jina, akalishwa, akagombezwa, akabembelezwa usiku alale.

Mwanasesere ni jina jingine la huyo huyo, nalo ndilo lililopendwa na waandishi wa vitabu vya shule. Mitaani Tanzania limeshinda mdoli, na limepanuka hadi likawa jina la karibu kila kichezeo, ndiyo maana utasikia magari ya midoli. Kenya husema doli. Bandia likaachwa nyuma katika kazi yake ya kwanza, likatafutiwa nyingine.

Kwa Wazaramo, Wakwere na majirani zao wa Pwani na Morogoro kulikuwa na mtoto mwingine wa kutengenezwa, mzito zaidi kwa maana. Huyo ni mwana hiti: sanamu ndogo ya mti, kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono, kichwa chenye mtindo wa nywele uliochongwa kwa uangalifu. Mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa mwana hiti amtunze. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamtengeneza nywele. Umbo hilo hilo lilichongwa pia kwenye bakora za wakubwa, viti vya enzi na nguzo za makaburi, na leo wengi wa watoto hao wa mti wamo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, mbali na wali waliofundishwa nao.

Namtaja mwana hiti kwa sababu anaonyesha kazi ambayo mtoto wa kutengenezwa alipewa na wazee wetu. Hakuwa wa kupoteza muda. Mikono ya msichana ilizoeshwa kwake kabla ya kukabidhiwa uhai wenyewe. Mkunga wa pale mezani anafanya jambo hilo hilo.

> Mtoto wa bandia hakumdanganya mtu. Kila aliyemwona alijua ametengenezwa, na thamani yake ilikuwa humo.

Kiwanda cha midoli cha Stavanger

Ushahidi mkubwa wa hili umetoka mbali, katika mji wa Stavanger, Norway. Mwaka 1940 Åsmund Lærdal alianzisha biashara ya vitabu vya watoto na kadi za salamu. Baadaye akaingia kwenye vichezeo vya mbao, kisha vya plastiki laini, ambayo wakati ule ilikuwa kitu kipya. Mmoja wa midoli yake, aliyeitwa Anne, alipendwa sana kwa kuwa ngozi yake ilibonyea na nywele zake zilionekana kama za mtoto wa kweli.

Mwanawe Lærdal alinusurika kufa maji akiwa na umri wa miaka miwili. Baba alimvuta akamtoa maji mapafuni. Miaka michache baadaye, madaktari wa usingizi walipokuwa wanatafuta njia ya kufundisha umma kupuliza hewa mdomo kwa mdomo, walimwendea mtu aliyejua kutengeneza midoli. Mwaka 1960 akatoa mdoli wa ukubwa wa mtu mzima wa kufanyia mazoezi, naye akampa jina lile lile, Anne. Midoli ya aina hiyo imewafundisha watu wasiohesabika duniani kote kumrudishia mwenzao pumzi.

Kampuni hiyo ndiyo iliyomtengeneza yule mtoto wa maji ya uvuguvugu, kwa ajili ya mpango wa kuwasaidia watoto wachanga kupumua uliozinduliwa mwaka 2010 na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani pamoja na washirika wake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuujaribu. Utafiti uliofanyika katika hospitali 8 nchini na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba baada ya mafunzo, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na watoto waliozaliwa wafu muda mfupi baada ya kufariki walipungua kwa asilimia 24.

Takwimu hizo zinastahili kusomwa polepole. Ni watoto wenye majina, ambao leo wako madarasani, na waliwahiwa kwa sababu mikono ya mkunga ilikuwa imeshafanya kazi ile kwa mtoto wa bandia.

Kope, kucha na wigi

Kati ya mdoli na dawa feki kuna eneo pana ambamo bandia linaishi bila ugomvi. Meno ya bandia, nywele bandia, kope bandia, maua ya bandia: hakuna anayeita polisi. Anayevaa anajua, anayemtazama anajua au hajali.

Hata Bunge na serikali vimelitumia neno kwa maana hiyo. Septemba 2018 Spika wa Bunge la Tanzania wakati huo, Job Ndugai, alipiga marufuku wabunge wenye kope na kucha za bandia kuingia bungeni, baada ya Wizara ya Afya kueleza madhara yaliyowapata wanaozitumia. Juni 2019, katika hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha Philip Mpango alipendekeza ushuru wa asilimia 10 kwa nywele bandia zinazotengenezwa nchini na asilimia 25 kwa zinazoagizwa nje. Kitu kinachotozwa ushuru ni kitu halali. Wigi ilikuwa nywele bandia na bado ilikuwa bidhaa safi dukani.

Tatizo linaanza pale mtu anapoficha kwamba kitu ni cha kuigiza.

Neno linaingia bandarini

Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoitumia kukamata na kuteketeza bidhaa bandia. Katoni za wino wa printa, betri, vipodozi, vipuri vya magari: vyote vikibeba nembo ya mtu mwingine bila ruhusa huitwa bandia. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hutangaza vita dhidi ya dawa duni na bandia. Magazeti yetu huandika noti bandia, na hata bastola bandia pale majambazi wanapotumia kichezeo kumtisha mwenye duka.

Mtaani neno la kosa ni jingine. Ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma tarehe 28 Aprili 2017 ilitaja watumishi wa umma 9,932, na nchi nzima ilizungumza juu ya vyeti feki. Ni wachache waliosema vyeti bandia. Kiswahili kina pia ghushi, neno lenye kosa ndani yake tangu mwanzo: anayeghushi ana nia. Kenya vyombo vya habari hutumia bidhaa ghushi kwa wingi, na nadhani wametangulia hapo.

Kwa nini nina shauku na tofauti hii? Kwa sababu ya dawa.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takribani dawa moja kati ya kumi ni duni au bandia. Mwaka huo huo nchi wanachama zilikubaliana kutenganisha majina. Dawa duni ni ile ya kiwanda halali ambayo haikufikia kiwango, pengine kwa kuharibikia njiani au kwa uzembe wa kiwandani. Dawa bandia ni ile ambayo mtu amedanganya kwa makusudi kuhusu ni nini, imewekwa nini ndani, au imetoka wapi. Ugomvi wa nembo na hataza ukaachwa ubaki kwa wanasheria wa biashara.

Nchi hazikukaa mezani kwa ajili hiyo kwa kupenda maneno. Majina yalikuwa yameshaweka uhai wa watu hatarini.

Wakenya watatu na fasili moja

Mwaka 2008 Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia. Wafanyabiashara waliitaka kwa sababu za wazi: viwanda vya ndani vilikuwa vinaumizwa na nakala za bei chee. Lakini fasili ya kitu bandia iliyowekwa humo ilikuwa pana kupita kiasi. Ilimtia hofu mtu yeyote aliyekuwa anatumia dawa yenye kiambato kilekile cha dawa maarufu, iliyotengenezwa kihalali na kiwanda kingine na kuuzwa kwa bei nafuu. Dawa hizo, nyingi zikitoka India, ndizo zilizokuwa zinawaweka hai Wakenya wengi wanaoishi na VVU.

Wakenya watatu waliokuwa wanazitegemea wakaenda mahakamani mwaka 2009. Hoja yao haikuwa kutetea walaghai. Walisema fasili hiyo inaweza kumfanya ofisa wa forodha azuie dawa nzuri, salama, iliyosajiliwa, kwa kuiona kuwa nakala ya nyingine. Na anayekosa vidonge vyake kwa wiki kadhaa halipwi fidia na mtu.

Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi alikubaliana nao. Alitamka kwamba vifungu husika, kama vilivyohusu dawa hizo, vilivunja haki za uhai, utu na afya zilizomo katika Katiba ya 2010, na kwamba haki ya mtu kuishi ni nzito kuliko haki ya mwenye hataza. Serikali ikaelekezwa kuziangalia upya fasili zake.

> Dawa nzuri ilikuwa hatarini kuzuiliwa kwa sababu sheria haikutenganisha kufanana na kudanganya.

Sheria ile iliandikwa kwa Kiingereza, na mtu anaweza kusema Kiswahili hakina hatia. Ni kweli. Hata hivyo, kosa lililokuwa katika fasili ile tunalirudia kila siku kwa Kiswahili, kwa kuviita kwa neno moja kitu kilichoigizwa wazi na kitu kilichoigizwa ili kuibia. Mgonjwa aliyezoea kidonge chekundu akipewa cheupe chenye dawa ileile kutoka kiwanda kingine, akamwambia jirani kwamba amepewa bandia, anaweza kukiacha. Hapo ndipo neno linapofika ndani ya nyumba.

Mguu uliotengenezwa Moshi

Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kuna chuo, TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981. Kimefundisha mafundi wa viungo kutoka nchi nyingi za Afrika. Kazi yao huanza kwa bandeji za plasta zinazozungushwa kwenye kigutu ili kupata umbo lake hasa. Umbo hilo likishajazwa na kurekebishwa kwa mkono, plastiki iliyolainishwa kwa moto hutandazwa juu yake ikawa kikombe cha kuingizia kigutu. Kisha huja bomba, wayo, na saa nyingi za kutembea kati ya vyuma viwili huku fundi akikaza na kulegeza mpaka hatua inyooke.

Anayetoka pale ametembea kwa mguu wa bandia. Ni mtu aliyegongwa na pikipiki, au aliyepoteza mguu kwa kisukari. Mguu huo una fundi aliyesoma, una vipimo, una tarehe ya kurudi kliniki. Hakuna kitu cha kweli kuliko huo kwa anayeuvaa. Akifungua gazeti anakuta jina la mguu wake limewekwa juu ya noti iliyokamatwa kwa mlaghai.

Wazee wa lugha walikuwa na kitu hapa. Walisema mtoto *wa* bandia, meno *ya* bandia. Kiunganishi hicho kinalifanya bandia libaki jina: meno yaliyo katika jamii ya vitu vya kutengenezwa, kama mwanasesere. Katika magazeti tumezoea kukikata ili kichwa cha habari kiingie kwenye safu, tukaandika dawa bandia, polisi bandia, daktari bandia. Neno likageuka kivumishi cha lawama. Si kanuni isiyovunjwa, kwa maana utasikia pia noti za bandia, lakini mwelekeo unaonekana kwa yeyote atakayesoma magazeti ya wiki moja kwa makini.

Wanaosema tuliache

Upande wa pili una hoja, na si dhaifu. Wanasema maana hupatikana kwa jirani wa neno. Hakuna Mswahili anayesikia kope bandia akafikiria jinai, wala anayesikia noti bandia akamkumbuka mdoli. Wanasema pia kwamba lugha haichungwi kwa amri: watu wameshachagua feki, na bandia limebaki la gazeti na serikali.

Naikubali hoja ya mtaani. Kariakoo mnunuzi na muuzaji wako ana kwa ana, wanaulizana, wanaelewana. Sheria, tangazo la afya na fomu ya hospitali havimpi msomaji nafasi ya kuuliza. Hapo jirani wa neno hatoshi, na kesi ya Nairobi ni ushahidi kwamba hata wanasheria wenye vitabu mezani wanaweza kuliacha lango wazi.

Sasa kompyuta

Mjadala umehamia kwenye mashine zinazoandika, kuchora na kujibu maswali. Kwa muda wengi waliziita akili bandia. Tanzania likaenea sana akili mnemba. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, linasimama na akili unde, kwa maana ya akili iliyoundwa.

Kama bandia lingebaki la yule mtoto wa gunzi, ningelitetea kwa mashine hizi bila kusita. Lingetuambia jambo la kweli: hiki kimetengenezwa na mtu, kinafanana na mtu, si mtu, na ukikitumia vizuri utajifunza nacho. Lakini limeshachafuliwa. Leo mashine hizo zinatumika kutengeneza sauti na video za watu wakisema wasiyoyasema. Tukiandika kwamba akili bandia imetengeneza video bandia, chombo na uhalifu vimevaa nguo moja, na mwanafunzi anayejifunza hesabu kwa chombo hicho anaonekana mshirika wa wezi. Akili unde inatutoa hapo, na naiunga mkono.

Kilichobaki ni kugawa kazi. Kinachodanganya kiitwe ghushi, au feki kwa wanaopenda la mtaani. Kilichotengenezwa wazi kumsaidia mtu kibaki na bandia pamoja na kiunganishi chake. Mhariri anayepokea habari ya mtu aliyesimama tena huko Moshi aandike mguu wa bandia. Anayepokea habari ya shehena iliyonaswa bandarini aandike bidhaa ghushi. Anayetafsiri tangazo la dawa aandike dawa ghushi, kisha aongeze mstari mmoja unaosema kwamba dawa yenye jina au rangi tofauti, ikitolewa na mfamasia aliyesajiliwa, inaweza kuwa ileile. Hilo halihitaji kusubiri kikao cha baraza lolote, na sisi wa magazeti tunaweza kulianza katika toleo la kesho.